Kesi ya Shibiri Moja

Ukuta wetu wa Shela, hapa Malindi,
ni wa mawe ya matumbawe. Ukiusogelea
utaona kombe limeganda ndani ya jiwe,
na pembeni yake mikwaruzo: mimi huyo,
utotoni, nikilichokoa kwa msumari.

Kaka yangu Twalibu alidai
ukuta umeingia kwake shibiri moja.
Akaipima kwa mkono wake mbele ya mashahidi,
na mkono wa Twalibu, jamani, ni mpana.

Tukamwita mpima ardhi, Ngumbao wa Ganda.
Alikuja na bodaboda, chombo cha miguu mitatu begani,
akakataa chai, akalitafuta jiwe la mpaka
alilolizika marehemu baba mwaka wa sabini na tisa,
akasikiliza setilaiti, kimya, saa nzima,
kama mtu anayengoja jibu la posa.

Kisha akacheka.
"Kiwanja kimehama.
Kimehama chote: ukuta, kisima, choo, na ninyi.
Tangu jiwe hili lizikwe
mmekwenda kaskazini-mashariki mita moja na ushei.
Shibiri mnayoshtakiana
ardhi ilishaipita zamani, wala haikuaga."

Mama alikuwa barazani anashona mkeka.
Hakuinua macho. "Na twaenda wapi?"

Ngumbao akachuchumaa, akaomba vipande vya ukili.
Chini ya bahari, mbali huko, pana ufa, akasema.
Fikiri mkeka unaoanzwa katikati:
ukili mpya ukizaliwa, wa jana husogea,
mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja na rangi yake,
na sakafu hupanuka hivyo, mshono kwa mshono.
"Bukini ilikuwa hapa." Akagonga chini kwa kidole.
"Ubavu kwa ubavu na sisi, hata maji hayapiti.
Ikajitenga, ikateremka kusini,
na bahari ikaingia kati, kama wakili."

"Lini?"
Akaanza kutaja mamilioni.
Mama akamkata: "Nipimie kwa kitu ninachokijua."

Akatazama huku na huku, akaona duka langu.
Bara nalo lapasuka, akasema, pale Bonde la Ufa.
Kati yetu na Kisumu, kila mwaka,
huongezeka unene wa punje ya mchele.

Usiku ule nilifunga duka nikahesabu.
Punje moja, mwaka mmoja.
Kibaba kilishika elfu thelathini hivi.
Haba na haba, sawa,
lakini aliyetunga methali hakusema ni miaka mingapi.
Pishi moja: umri wa kombe lile ukutani.
Na Bukini? Nikapiga hesabu mara mbili, kwa kalamu.
Magunia arobaini.
Lori moja la mchele!
Nilidhani itakuwa zaidi.

Jambo moja sikulisema.
Ngumbao alipokuwa anakunja chombo chake
aliniita nyuma ya kisima, akanong'ona:
"Vidole vinne. Kakako hakukosea sana."
Nikamlipa. Nikamwongezea nauli.
Twalibu alipouliza, nikamjibu ya Bukini,
nikamjibu ya mita moja na ushei,
na watu barazani wakacheka, naye akawatazama mmoja mmoja.

Mwezi uliofuata alikwenda Kisumu.
Anauza ndoo na mabeseni, nasikia, karibu na stendi.
Hakuaga.

Sabaki inashuka na udongo wa bara, mwekundu,
inaumwaga baharini bila risiti.
Ukuta upo palepale, kama neno hilo lina maana.
Vidole vinne vyake bado viko kwangu;
nimepanga juu yake mitungi ya gesi.

Kila Idi natia punje moja
katika kibaba cha Mama, kile cha mbao.
Mama huniona, haulizi.
Zimekuwa nne.
Nikikitikisa, kinalia.
Kikijaa, najua, kitanyamaza.